Simu imejaa, kichwa kimejaa: majibu kwa wasomaji wa Goma

Tuliomba maswali juu ya simu na mitandao ya kijamii. Yamekuja mengi, kutoka mtaa wa Himbi hadi wa Ndosho, na karibu yote yanalia kilio kimoja: habari zimezidi. Nimechagua yale ambayo jibu lake linaweza kumfaa na jirani pia. Majina nimeyaacha.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Himbi. Niko kwenye vikundi vya WhatsApp nisivyoweza tena kuvihesabu: familia, kanisa, likelemba (tunachanga pesa na kupokezana kwa zamu), wazazi wa shule, avenue yetu, wenzangu wa sekondari. Nikiamka nakuta ujumbe mamia. Naogopa kutoka, maana siku moja habari ya usalama inaweza kupita humo.

Mama, hofu yako ina msingi, ndiyo maana sitakuambia uzime simu. Hapa kwetu habari moja ya asubuhi inaweza kukufanya usimpeleke mtoto shule. Lakini tazama jinsi habari hiyo ingekufikia leo. Imetumwa saa kumi na moja alfajiri katika kikundi cha wazazi. Juu yake kuna salamu za asubuhi zenye maua, chini yake mahubiri ya dakika ishirini, kisha picha za harusi ya mtu usiyemjua. Ukifika kwenye ujumbe wenyewe, mtoto ameshatoka. Kikundi chenye kelele hakikulindi, kinakufichia kile unachokingoja.

Anza na watu kabla ya simu. Tafuta watatu: jirani mmoja wa avenue, mzazi mmoja ambaye mtoto wake anasoma na wako, na ndugu mmoja mwenye kichwa kilichotulia. Pataneni kwamba likitokea jambo la kumfanya mtu atoke nyumbani au arudi nyumbani haraka, mnapigiana. Mnapiga simu, hamwandiki. Aliyepigiwa anaamka, aliyeandikiwa kikundini anaona kesho.

Ukishakuwa na watu hao, vikundi havitakutisha tena. Kwenye simu nyingi za hapa menyu iko kwa Kifaransa. Gusa jina la kikundi, zima sauti yake, chagua «Toujours». Kisha ukipeleke kwenye «Archivées»: tangu 2021 kikundi ulichokiweka huko hakirudi juu kila mtu anapoandika. Vile usivyovihitaji kabisa, ondoka. Tangu 2022 kuondoka hakutangazwi kwa kikundi kizima, ni maadmini tu wanaojulishwa, kwa hiyo hakuna shemeji atakayekuuliza mbele za watu kwa nini umewakimbia. Likelemba baki, pesa yako iko humo, lakini hata likelemba haina sababu ya kulia usiku.

Mwisho funga mlango. Ingia «Paramètres», «Confidentialité», «Groupes», uchague «Mes contacts». Kuanzia hapo mtu usiyekuwa na namba yake hawezi kukutia kikundini bila kukuomba.

Mimi ni motari, nabeba abiria kwa pikipiki, naishi Majengo. Kila mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ukiwaka wekundu usiku, odio zinaanza: «Kimbieni, wataalamu wamesema.» Nimeshabeba familia usiku bure. Nisipokimbia, nikifa je?

Kaka, swali lako ndilo zito kuliko yote niliyopokea, na nitakaa nalo.

Wekundu ule peke yake si amri ya kukimbia. Ndani ya kreta, shimo la juu la Nyiragongo, lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, hukaa miaka na miaka, na usiku mwanga wake hupiga kwenye mawingu. Wazee wa Goma wamelala chini ya mwanga huo maisha yao yote. Kwa upande mwingine, hatuwezi kuubeza mlima uliopitisha lava katikati ya mji Januari 2002.

Kumbuka 2021. Jumamosi tarehe 22 Mei jioni mlima ulipasuka, na lava ikashuka mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Haukutupa muda wa kujiandaa. Wala odio yoyote haikujua mapema. Zilikuja baadaye, zikajaa siku zile ardhi ilipokuwa ikitetemeka mchana na usiku. Tarehe 27 Mei gavana akaamuru watu wa mitaa kumi wahame; hao wakaenda Sake, hao Gisenyi ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wengine wakapanda meli kwenda Bukavu. Siku mbili baadaye serikali yenyewe ikatangaza kwamba mlima mwingine, Murara, nao umelipuka, kisha ikasahihisha: haukuwa umelipuka. Sasa fikiria. Tangazo la kwanza lilisambazwa na maelfu kwa hofu. La pili, la kusahihisha, lilisambazwa na nani? Mwenye kusikia la kwanza tu aliendelea kukimbia mlima ambao haukuwaka.

Kwa hiyo odio ikija, isikilize ukitafuta mambo matatu: anayesema ni nani kwa jina na kazi, anasema leo ni tarehe ngapi, na anataja mtaa gani. «Ndugu zangu, hali ni mbaya, sambazeni» haina hata kimoja. Odio isiyo na tarehe inaweza kuwa ya 2021, na sauti ya mtu anayelia haizeeki. Tazama pia alama juu ya ujumbe: mshale mmoja maana yake umepitishwa kwako na mtu aliyeupokea kwa mwingine, mishale miwili maana yake umepita mikono mitano au zaidi, na aliyekutumia hamjui aliyeanza. Tangu 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa mishale miwili kutumwa zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja, kwa sababu hiyohiyo.

Wanaopima mlima ni OVG, kituo cha volkano cha hapa Goma. Hali huonyeshwa kwa rangi nne: kijani, manjano, rangi ya chungwa, nyekundu. Jifunze leo, mchana, rangi ya sasa ni ipi na inakutaka ufanye nini. Ukiijua, odio ya usiku utaiuliza swali moja tu: rangi imebadilika?

Wako pia wanaotuma odio kwamba ziwa Kivu litalipuka; hao wameshika jambo la kweli kwa mkono usiofaa. Kivu ina gesi nyingi chini, ya kaboni na ya metani, na mwaka 1986 ziwa Nyos la Kamerun lilitoa gesi ya namna hiyo ikaua watu wapatao 1,700. Lakini hali ya Kivu inajulikana kwa vipimo. Mtu aliyekaa jikoni kwake na simu hawezi kuijua.

Na kwa sababu mlima unaweza kuja bila kubisha, yako wewe ni haya: usirudi nyumbani jioni na tanki tupu, karatasi za familia ziwe kwenye mfuko mmoja karibu na mlango, na mke wako ajue mtakutana wapi ikiwa uko kazini. Hayo yanakusaidia usiku wowote, odio iwe ya kweli au ya uongo.

Mdogo wangu yuko Bruxelles. Kila siku ananitumia video za vita na za maiti, anauliza: «Hii ni wapi? Mko wazima?» Watoto huchezea simu yangu. Binti yangu wa miaka tisa aliona moja, tangu hapo hataki kulala peke yake. Baba, Ndosho.

Papa, pole sana, na pole kwa mtoto.

Simu kwanza, ni kazi ya muda mfupi. «Paramètres», «Stockage et données», kwenye «Téléchargement automatique» ondoa alama zote, za picha, odio na video. Hapo video haitajipakua yenyewe. Itabaki mraba wenye ukungu mpaka wewe uiguse, na mega zako za intaneti nazo zitapona. Kisha kwenye «Discussions» zima «Visibilité des médias», ili picha za WhatsApp zisiingie kwenye galeri ambamo mtoto hutazama picha za sikukuu yake.

Binti usimwambie «si kitu». Alichokiona ni kitu. Mkalishe mchana, si wakati wa kulala, umuulize aliona nini na anafikiri ni wapi. Mara nyingi mtoto hudhani ni nyuma ya nyumba yao, au kwamba yule aliyelala pale ni mtu anayemjua. Mjibu ukweli kwa maneno machache, umwambie nani yuko naye usiku huu. Lala karibu naye siku kadhaa, hakuna aibu. Usingizi usiporudi baada ya wiki chache, mpeleke kituo cha afya uulize kama wana mtu wa kuzungumza na watoto walioona vita. Katika mji wetu kazi hiyo inafanyika.

Sasa mdogo wako. Usimkasirikie. Mashine ya mitandao inapima alama ya pale kidole kiliposimama. Aliyesimama kwenye video moja ya Goma kwa sababu ana kaka yake huku, ataletewa kumi, na kesho ishirini, mpya na za zamani, za hapa na za nchi nyingine zilizobandikwa jina la hapa. Yeye kule anaona maiti wengi kuliko wewe uliye hapa. Mpe kitu cha kushika: ujumbe mmoja wa maneno mawili kila asubuhi, «Tuko wazima», na siku mbili za wiki ambazo mnaongea kwa sauti. Umwambie wazi: usinitumie tena picha za watu waliokufa, zinamfikia mtoto. Ukiwa na swali, andika swali. Ndugu mwema ataelewa.

Nasoma mwaka wa pili wa sheria. Nafungua TikTok saa tatu usiku nipumzike kidogo, naifunga saa saba. Ni ugonjwa?

Mdogo wangu, ni chombo kilichotengenezwa ili kisikome. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho, ukibonyeza «endelea» unakwenda wa pili, na pale kwenye mwisho mtu alikumbuka kulala. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe chini kadiri unavyosogeza, na baadaye yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba anajuta jinsi ulivyotumika. Na mapema kuliko hapo, mwaka 1971, mchumi Herbert Simon aliandika kwamba wingi wa habari unazaa uhaba wa umakini, kwa kuwa habari inakula umakini wa anayeipokea. Wewe umakini wako unauhitaji kwa sheria ya madai.

Kwa kuwa mwisho haumo ndani ya chombo, uuweke wewe kutoka nje. Nunua mega za siku, usinunue za mwezi, zikikwisha, zimekwisha. Simu ilale ikichajiwa chumba kingine. Ukiitumia kuamka, tafuta saa ya mezani, bei yake si kubwa. Kwenye Facebook kuna sehemu iitwayo «Fils» inayoonyesha uliowachagua wewe, kwa mpangilio wa muda. Tumia hiyo badala ya ukurasa wa kwanza, utashangaa jinsi inavyokwisha upesi.

Mimi ni kambisti, nabadilisha pesa, Birere. Mimi kazi yangu ni bei ya dola, siwezi kuzima chochote.

Usizime. Chagua vikundi viwili ambavyo vimekuwa sahihi, vingine vyote vinakutumia bei ileile kwa kuchelewa. Na bei ya kikundi usiifanyie kazi kabla ya kumuuliza mwenzako wa meza ya pili.

Rafiki yangu anasema nisipofuatilia kila habari nawasaliti ndugu zetu waliokimbia vita. Ni kweli?

Si kweli, dada, na inaniuma kusikia watu wakiwabebesha wengine mzigo huo. Aliyekimbia akalala kwenye darasa la shule hapati kitu kwa sababu wewe umetazama video yake mara hamsini. Anapata kitu ukimletea unga, sabuni, blanketi, au ukimpokea mtoto wake alale kwako. Umechoka hivi hata nguvu ya kwenda kumsalimia mama wa jirani huna tena. Soma habari mara moja, jioni mapema, kutoka sehemu mbili unazoziamini, ukiwa na shaka angalia kama Congo Check, wanaohakiki habari za mitandaoni, wameichunguza, kisha ufunge. Rafiki yako mwambie aje mwende pamoja kwa hao waliokimbia.

Nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, soko la Virunga. Nina simu ndogo ya vitufe na redio. Wenzangu wananiambia niko nyuma ya dunia. Ninakosa nini?

Mama, umenifurahisha. Taarifa ya habari ya redio ina mwanzo na mwisho, na kuna mtu aliyekaa akachagua kipi kisomwe na kipi kiachwe. Radio Okapi iko hewani tangu 2002 na ina habari za Kiswahili. Sikiliza ya asubuhi, na ya jioni ukiweza. Mwishoni mwa Januari 2025, siku zile za mapigano, umeme ulikatika mjini, maji yakakatika, na intaneti nayo, na wenye simu kubwa wakabaki na kioo cheusi mkononi. Redio ya betri haikuhitaji chochote kati ya hivyo.

Unachokosa ni bei za Bukavu na picha za wajukuu. Za wajukuu, mwombe kijana wa meza ya pili akuonyeshe Jumamosi. Bei, piga simu. Na weka betri mbili za akiba nyumbani, mahali pakavu.