Jibu: Mifupa 206 haikai kichwani, nianzie wapi?

Mdogo wangu, umesema umeanza chuo cha afya hapa Dar, umeandika majina yote 206 kwenye daftari, unakariri usiku na asubuhi hukumbuki kitu. Mimi ni mfiziotherapia, mifupa ndiyo kazi yangu, na ushauri wangu ni huu: funga daftari, shika mwili wako.

Pitisha kidole kwenye mtulinga, kuanzia kidarini mpaka begani. Utausikia unajipinda kwenda mbele, kisha nyuma. Hapo katikati ndipo unapovunjika sana, hasa mtu akirushwa na bodaboda akatua kwa bega. Ukishaushika hivyo, jina lake halikutoki.

Kisha nenda mikononi na miguuni. Kila mkono, kuanzia kifundo hadi vidole, una mifupa 27. Kila mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, una 26. Jumla 106, zaidi ya nusu ya mwili mzima, na kulia ni sawa na kushoto.

Nyanyua kidole gumba kama unaomba lifti. Karibu na kifundo, chini ya gumba, kinatokea kishimo. Bonyeza: ndani yake kuna mfupa mdogo uitwao skafoidi. Mtu akianguka akajikinga kwa kiganja, kati ya mifupa minane ya kifundo cha mkono huu ndio huvunjika zaidi. Damu yake nyingi huingilia upande wa vidole, hivyo ukikatika, kipande cha upande wa kiwiko kinaweza kukosa damu kikafa. Na eksirei ya mwanzo inaweza isioneshe ufa! Kwa hiyo mgonjwa akiumia ukibonyeza pale, usimwambie ni mteguko tu.

Kwenye mtihani wa vitendo utapewa femuri, yaani mfupa wa paja, uulizwe ni ya kulia au ya kushoto. Kichwa cha duara kiwe juu, kielekee ndani kwenye nyonga; ukingo mrefu wenye mikwaruzo ukae nyuma. Jibu litajitokeza lenyewe.

Mifupa ya plastiki ni ghali. Buchani, au Vingunguti machinjioni, nunua shingo na bega la mbuzi, chemsha mpaka nyama iachie. Pingili za shingo yake ni saba kama zako, na skapula, ule mfupa bapa wa bega, inafundisha vizuri. Ila mbuzi hana mtulinga, na mbavu zake ni jozi 13, sisi 12.

Fuvu liache kwanza. Ukilifikia, uliza hapahapa, lile linataka jibu lake.