Ulibatizwa utotoni, sasa unaambiwa uingie maji mengi?

Swali hili huibuka hasa kwenye uchumba: mmoja Mkatoliki au Mlutheri, mwenzake Msabato au Mpentekoste. Mchungaji anasema ubatizo ni mmoja, nao ni wa maji mengi. Padri anasema ni mmoja, haurudiwi. Wote wawili wameshika Waefeso 4:5.

Ugomvi wenyewe si wa kiasi cha maji. Waorthodoksi huzamisha watoto wachanga, tena mara tatu. Linalobishaniwa ni hili: nani anatenda? Kwa Mkatoliki ni Mungu anayetoa neema, kwa hiyo hata kichanga hupokea. Kwa Mbatisti ni ushuhuda wa mtu aliyekwisha kuamini. Machoni pake hurudii chochote, ndiyo kwanza unabatizwa. Waliobatizana wakiwa watu wazima kule Zurich mwaka 1525 waliiona gharama yake: miaka miwili baadaye mmoja wao, Felix Manz, aliadhibiwa kwa kuzamishwa mtoni hadi akafa.

Ukihamia Katoliki, utaulizwa maneno yaliyotamkwa kabla ya kuulizwa kama ulizama au ulimwagiwa. "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", huku maji yakigusa mwili, kwa kawaida kichwani. Agosti 2020 Vatikani ilitamka kwamba hata "Tunakubatiza" ni batili. Waliobatizwa kwa jina la Yesu pekee, kwa kufuata Matendo 2:38, hubatizwa upya. Pakiwa na shaka ya kweli, padri huanza na sharti: "Kama hujabatizwa..."

Kisha cheti. Kile cha zamani kilichokunjwa kabatini mara nyingi hakitoshi kwa ndoa. Parokia nyingi hutaka nakala mpya isiyozidi miezi 6, kwa sababu kipaimara na ndoa huandikwa kwenye daftari la ubatizo, pale palipo jina lako. Nenda na majina ya wazazi na tarehe ya kubatizwa, si ya kuzaliwa tu. Hapo ndipo wengi hukwama. Daftari likiwa limepotea, ushahidi wa mtu mmoja asiye na maslahi hukubalika.

Na ukiamua kuzamishwa, usivae nguo nyeupe nyepesi, ikilowa huonyesha kila kitu. Kunja magoti, lala kinyumenyume juu ya mkono wa mchungaji, wala usiinue miguu, utaelea na kumwangusha. Mama yako mwambie mapema, asije akasikia kwa majirani.