Mashine ya nyumbani isiyomaliza LUKU wala kupiga kelele: maneno kwa anayeanza

Anayekuja kuniuliza kuhusu kompyuta ya kukusanya mwenyewe huanza na prosesa, ule ubongo wa mashine, karibu kila mara. Ipi ina kasi, ipi ni ya mwaka huu, ipi watu wanaisifia. Mimi humrudisha nyuma kwa swali moja: hiyo mashine itakaa imewashwa saa ngapi kwa siku, na katika hizo saa, ngapi itakuwa inafanya kazi kweli? Kompyuta ya kutunzia picha za familia, mafaili ya biashara na video za kamera ya getini huwashwa usiku na mchana, na muda mwingi inasubiri tu. Hata ile ya kuandikia na kutazamia filamu hukaa ikingoja ubonyeze kitu. Basi namba ya kutafuta ni wati inazokula ikiwa imetulia, na namba hiyo haiandikwi popote kwenye boksi.

Tupige hesabu ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ambao uniti yake moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Mashine inayokula wati 60 saa zote 24 hutumia uniti 1.44 kwa siku, yaani uniti 43 kwa mwezi wa siku 30. Inayokula wati 10 hutumia uniti 7 na kidogo. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, ambapo shilingi 10,000 hukupa uniti 28 hivi, ya kwanza inakula zaidi ya shilingi 15,000 kila mwezi na ya pili haifiki 3,000. Na kama nyumba yenu iko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, ile ambayo bei yake nafuu inaishia uniti 75 kwa mwezi, mambo ni makali zaidi: mashine ya wati 60 peke yake inameza zaidi ya nusu ya hizo 75 kabla friji halijaguswa, na kila uniti inayovuka hapo bei yake inaruka zaidi ya mara tatu. Nimeona familia ikilaumu pasi kumbe mlaji yuko chini ya meza.

Kelele nayo inatokana na hizohizo wati. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta hutoka kama joto, na feni zimewekwa ili kulifukuza joto hilo. Kwa hiyo anayetaka ukimya asianze kwa kununua feni za bei mbaya. Aanze kwa kupunguza wati, halafu feni yoyote ya maana itazunguka polepole na hutaisikia. Kwetu Dar, ambako mchana wa Februari chumba kinagonga nyuzi 32 bila shida, jambo hili lina uzito kuliko kwa watu wa nchi baridi wanaotengeneza video za ushauri tunazotazama.

Sasa tuje kwenye prosesa, maana najua hutatulia mpaka tuizungumzie. Kwenye maelezo yake utaona wati fulani: 35, 65, 125. Wengi huzisoma kama matumizi ya umeme. Sivyo. Intel Core i7-12700 imeandikwa wati 65, lakini Intel wenyewe wanasema inaweza kupanda hadi 180 ikisukumwa. Na upande wa pili wa jambo hilohilo, chukua i5-8500 na i5-8500T. Ya kwanza imeandikwa 65, ya pili 35, na watu hulipa zaidi kwa ile T wakiamini inakula nusu. Zikiwa zimetulia, zote mbili hula karibu sawa. T imewekewa dari tu, isipande sana kazi inapokuwa nzito. Dari hilo lina maana kwenye kijikasha kidogo chenye feni ndogo, kwa sababu linaizuia isipige mayowe. Kwenye kasha kubwa lenye nafasi, chukua isiyo na T kama ni nafuu. Mbao mama nyingi za kukusanyia, yaani ule ubao mkubwa wa ndani unaochomekwa kila kitu, hukuruhusu kuweka dari mwenyewe kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Zile zinazotoka kwenye kompyuta za ofisini kwa kawaida hazikubali.

Kwa wapenzi wa AMD, angalia herufi ya mwisho. Ryzen 5 5600 na Ryzen 5 5600G majina yamekaribiana, ndani ni vitu tofauti. Ile ya kwanza imeundwa kwa vipande viwili, na kipande kinachoshughulikia mawasiliano na ramu (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) na vifaa vingine huendelea kula umeme hata kama hakuna kazi. Ya G ni kipande kimoja, na ina uwezo wa picha ndani yake. Ile isiyo na G itakudai kadi ya picha ya pembeni, nayo ina wati zake na feni yake. Kama huchezi gemu kubwa wala huhariri video kwa mkate wako wa kila siku, usinunue kadi ya picha kabisa. Na kama lazima, tafuta inayopata umeme wote kupitia nafasi ya ubao mama ilikochomekwa, bila waya wa ziada kutoka pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kasha. Nafasi hiyo haitoi zaidi ya wati 75, kwa hiyo umeshajua mwisho wa ulaji wake.

Lakini kusema kweli, mdogo wangu, kwa wengi mnaoanza nisingeshauri kukusanya kutoka sifuri. Nenda Kariakoo kwenye maduka ya kompyuta za mtumba ukaulizie vile vijikasha vya ofisini vyenye ukubwa wa kitabu kinene: HP EliteDesk 800 G4 Mini, Dell OptiPlex 3060 Micro, Lenovo ThinkCentre M720q Tiny. Ni mashine zilizostaafishwa na makampuni ya ng'ambo zikiwa bado nzima. Zilitengenezwa zikae mezani kwa mtu siku nzima bila kumkera, na umeme wake unapitia adapta ya nje kama ya laptopu. Zikitulia, kwa kawaida hucheza kati ya wati 8 na 15 kutegemea ulichochomeka. Kukusanya ukitaka, utakusanya humo humo: badilisha SSD (diski isiyozunguka), ongeza ramu, safisha, weka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa.

Hizo ni za kizazi cha nane cha Intel, ambacho namba za prosesa zake huanza na 8 kama ile i5-8500, na nimezitaja kwa makusudi. Windows 11 inaanzia hapo kwa prosesa za Intel, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo pia ndiyo sababu zile za kizazi cha sita na cha saba zinauzwa kwa bei ya kutupa. Anayetumia Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, azichukue acheke peke yake, maana kwa kazi ya kutunza mafaili hana anachokosa.

Kuna mitego mitatu kwenye vijikasha hivi. Wa kwanza, HP hiyo ina matoleo ya wati 35 na ya wati 65. La pili lina nguvu zaidi ila feni yake husikika. Wa pili ni adapta. Dell huitambua adapta yake kupitia ile sindano ya katikati ya plagi, na ukichomeka ya kuunga-unga isiyotambulika, mashine inawaka vizuri tu lakini prosesa inashushwa kasi, nawe utahangaika ukidhani umeuziwa kimeo. Dai adapta halisi siku ya kununua. Wa tatu ni nywila ya BIOS iliyoachwa na kampuni ya kwanza. Ingia kwenye BIOS mbele ya muuzaji kabla pesa haijatoka mfukoni.

Wengine mtataka kitu kipya dukani. Hapo ipo Intel N100 ya mwaka 2023, yenye viini vinne na wati 6 kwenye maandishi. Inapatikana ndani ya vijikasha vidogo sana vya Kichina, na kwa mafaili, kamera na filamu inatosha. Haina mbio za i5 ya kizazi cha nane kwenye kazi nzito, usidanganywe na upya wake. Vingi huuzwa bila feni kabisa, mwili mzima wa chuma ukiwa ndio kipozeo. Wazo ni zuri, na vumbi la barabara zetu halina pa kuingilia, lakini fikiria hesabu ya joto: kama kifaa hupanda nyuzi 40 juu ya joto la chumba, kwenye chumba cha nyuzi 20 kinafika 60, na kwenye chumba chetu kinafika 72, dirisha likiwa wazi. SSD iliyobanwa humo ndani haifurahii. Mimi napendelea chenye feni moja inayozunguka taratibu. Kama umeshanunua kisicho na feni, kisimamishe wima mahali penye hewa, usikiweke juu ya ruta wala ndani ya kabati la televisheni.

Anayekusanya kasha kubwa ajue habari ya pawasaplai. Nembo ya 80 PLUS, inayoonyesha pawasaplai inapoteza umeme kiasi gani, iwe Bronze au Gold, inatokana na vipimo vya mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Titanium hupimwa pia kwenye asilimia 10. Mashine iliyotulia kwa wati 25 kwenye pawasaplai ya wati 650 iko chini ya asilimia 4, mahali ambapo nembo haikuahidi kitu. Usinunue kubwa eti kwa ajili ya baadaye. Wati 400 au 450 za kampuni inayoeleweka zinatosha, na zile nyepesi kama boksi tupu zilizoandikwa "500W" ziache palepale hata kama umepewa bure na kasha.

Diski inayozunguka, ile ya inchi 3.5, hula wati 4 hadi 6 kwa kuzunguka tu, na mlio wake hupita kwenye mbao za meza ukasikika chumba cha pili. SSD ikitulia haifiki wati moja. Weka mfumo na kazi za kila siku kwenye SSD. Picha na filamu zikihitaji diski kubwa, nunua moja kubwa badala ya mbili ndogo, ifunge kwa mipira, na uiamuru isimame isipotumika. Nakala ya pili ya mafaili yako iwe kwenye diski nyingine iliyochomolewa.

Kuhusu feni sina mengi. Ya milimita 120 au 140 inayozunguka mara 700 kwa dakika husukuma hewa ya kutosha kwa mashine hizi, na sauti yake ni pumzi tu; ya milimita 80 lazima ikimbie sana ifike hapo, na ndiyo ile inayolia kama nyuki. Chukua zenye pini nne ili ubao mama uweze kuzipangia mwendo. Noctua ni nzuri na bei yake inauma. Arctic P12 inatosha. Panga mwendo usiwe wa kupanda na kushuka kila dakika, maana sikio huzoea sauti tulivu na hukerwa na inayobadilika. Ukipuliza vumbi, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo.

Mashine ikishawaka, mpangilio nao una wati zake. Kwenye Windows acha ule mpango wa kawaida wa umeme, achana na wa utendaji wa juu. Kwenye Linux weka programu ya powertop uone nani anayeamsha prosesa. Kagua BIOS kama hatua za usingizi wa prosesa, zinazoitwa C-states, zimeruhusiwa. Kadi moja ya ziada ya diski au ya mtandao inaweza kuizuia prosesa nzima isilale usingizi mzito, ukapoteza wati kadhaa saa zote kwa ajili ya tundu usilolitumia.

Utajuaje umefanikiwa? Nunua kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi. Kama hukipati, mita ya LUKU itakusaidia: siku ambayo hakuna mtu nyumbani, chomoa vingine vyote, friji likiwemo kama halina cha kuharibika, soma uniti, rudi baada ya saa 10. Ikipungua 0.1, mashine na vilivyochomekwa pamoja nayo vinakula wati 10 hivi.

Faida nyingine utaiona siku umeme ukikatika. UPS ndogo ya kawaida, kile kifaa cha kushikilia mashine umeme ukienda, ina betri ya volti 12 na Ah 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Tegemea nusu yake. Mashine ya wati 12 pamoja na ruta ya wati 10 zitakaa karibu saa mbili betri ikiwa mpya. Ile ya wati 60 na ruta hiyohiyo hazifiki dakika 40. Ila UPS yenyewe hula wati chache muda wote, iweke kwenye hesabu.

Siku ya kwenda kununua, beba flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Mwambie muuzaji akuwashie kutoka humo, angalia SSD imetumika saa ngapi, fungua video, subiri dakika kumi, kisha weka mkono nyuma inapotokea hewa na usogeze sikio, kwa sababu Kariakoo hutasikia feni ukiwa umesimama. Hewa ya moto kidogo ni sawa. Feni ikikwaruza, au hewa ikiwa haitoki kabisa, uliza nyingine ya aina ileile. Akikuambia hana muda wa kukuwashia, duka la pili linauza mzigo huohuo.