Muulize Fundi: Sabufa ya Wati 12,000 kwa Sebule ya Mita Tatu

*Shikamoo Fundi. Mimi na mke wangu tumehamia nyumba ya kupanga huku Tabata, chumba na sebule. Sebule ni kama mita tatu kwa tatu na nusu, chini marumaru, juu jipsamu, dirisha kubwa la alumini. Nimetenga laki nne ya mziki. Dukani nimeona sabufa imeandikwa wati 12,000, ina spika mbili ndefu na taa zinazocheza na besi. Rafiki yangu anasema niachane nayo, nitafute amplifaya na spika mbili za mtumba. Nimsikilize nani? Na wati ngapi zinanitosha?*
*Mume Mpya, Tabata*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuvuta jiko.

Rudi dukani umwombe muuzaji aigeuze hiyo sabufa mgongo. Pale waya wa umeme unapoingilia kuna kikaratasi: volti 230, hezi 50, halafu wati. Utakuta 40, au 60, ikizidi sana 80. Hicho ndicho inachokunywa. Sasa chombo kinachokunywa wati 60 za TANESCO kitatapika wati 12,000 kutoka wapi? Herufi za mbele ya boksi, PMPO, ni namba ya biashara, kila mtu anajipigia hesabu anavyotaka. Herufi za kutafuta ni RMS, yaani wati za kweli ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo, na ukiona hazipo kabisa, hilo nalo ni jibu.

Juzi nililetewa mziki mmoja, ndugu wa hiyo sabufa, mezani kwangu Kariakoo, umekufa upande mmoja. Jina silitaji. Nikafungua skrubu nne. Transfoma ngumi ya mtoto, chip moja imegundishwa kwenye kipande cha bati cha kupoozea, basi. Nikahamia kwenye spika ndefu. Kwa mbele unaona koni tatu, moja juu ya nyingine, zina pete za fedha. Ya chini, inchi nne, ndiyo spika. Hizo mbili za juu zilikuwa plastiki iliyobandikwa kwa gundi, nyuma hakuna sumaku wala waya. Mwenye mali alikuwa amesimama pembeni yangu. Akaziangalia kimya, kisha akaniuliza kama nikimaliza kutengeneza taa bado zitawaka. Nikamwambia zitawaka.

Kuhusu wati ngapi, hesabu yake si ngumu. Spika ya kawaida ya kukaa juu ya kabati, ukiilisha wati 1 tu na kusimama mita 1 mbele yake, inakupa desibeli 86 hivi, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Mazungumzo ya watu wawili wametulia ni kama 60, kwa hiyo wati moja tayari ni kelele. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, ambazo sikio linaziona kidogo tu. Ili useme "hapo sasa imekuwa mara mbili" unahitaji wati mara kumi. Chukua wati 8: umefika 95 kwa mita moja, na kwenye kochi lako, mita mbili na nusu kutoka spika, zote mbili zikipiga bado uko juu ya 90. Mke wako atakuwa ameshakuita kwa ishara ya mkono.

Kwa hiyo amplifaya ya wati 20 hadi 50 za RMS kila upande imekutosha na inabaki. Hata vile viamplifaya vidogo vyenye chip ya TPA3116 ya Texas Instruments, vinavyoenea kiganjani, vinafaa kabisa. Ukiviendesha kwa adapta ya laptop ya volti 19 na spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) unapata kama wati 20 safi kila upande, na havichemki. Kinachounguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, nyumbani mara nyingi ni amplifaya ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa na sauti inaanza kukwaruza, na mtu anaendelea kuongeza. Ukisikia inakwaruza, rudisha.

Katika hiyo laki nne, sehemu kubwa iende kwenye spika. Hapo mimi na rafiki yako tuko pamoja. Tafuta jozi ndogo, spika ya besi ya inchi tano hivi na twita moja ya kweli, boksi la mbao au MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) lenye uzito. Lishike: likiwa jepesi kama boksi la viatu, liache. Watu wananibishia kwamba spika ndogo ni za watoto. Miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walibuni spika moja, LS3/5A, boksi lake kama lita tano tu, kwa sababu ndani ya magari ya kurushia matangazo hapakuwa na nafasi ya kitu kikubwa. Besi ya kutikisa vikombe haina. Lakini mtu akiongea humo unageuka kumtafuta. Hata leo kuna watu wanaigombania.

Na wewe besi ya kutikisa vikombe hutaikosa, utaikimbia. Sebule yako yenyewe ni ngoma. Sauti hukimbia mita 343 hivi kwa sekunde. Kuta zilizoachana mita tatu na nusu zinaamsha mvumo wa hezi 49, yaani mitetemo 49 kwa sekunde, na hizo za mita tatu wa hezi 57. Hapo ndipo zilipo nyuzi nene za gitaa la besi. Mpigaji akigusa noti hiyo chumba kinamwitikia, na akinyamaza chumba kinaendelea. Noti ya jirani yake haisikiki. Ndiyo ile besi ya "vuu, vuu" ambayo watu wanadhani ni mziki mnene. Ukisukuma sabufa kwenye kona, kama kila mtu anavyofanya kwa sababu ndipo penye nafasi, umeongeza kuni.

Mimi mwenyewe Mbagala nilikaa na sabufa kwenye kona karibu mwaka mzima nikilaumu amplifaya. Nimebadilisha kapasita, nimebadilisha waya. Siku moja wanangu wako shule, nikaibeba sabufa nikaiweka juu ya kochi ninapokaa, nikapiga wimbo wenye besi inayotembea, nikapiga magoti nikatambaa ukutani kama natafuta sindano. Kuna mahali besi inajaa mpaka inaudhi, kuna mahali inapotea, na kuna mahali kila noti inasikika peke yake. Hapo pa mwisho palikuwa ubavuni mwa kabati la vyombo, si mbali na kona. Ndipo sabufa ilipohamia, na ndipo ilipo mpaka leo. Mke wangu alirudi sokoni akanikuta bado niko chini, akauliza kama nimepoteza hela.

Spika zako mbili ziachane mita moja na nusu au na zaidi kidogo, na wewe ukae mbele yake umbali kama huo au zaidi kidogo. Twita ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, yaani karibu mita moja kutoka chini. Usizilaze juu ya kabati la TV zikiangalia magoti. Ziache angalau sentimita 20 kutoka ukutani, hasa kama zina tundu la besi nyuma. Bado zinavuma? Kunja soksi, iingize kwenye tundu. Sitanii. Inapunguza mvumo na haikugharimu kitu, na ukihama unaitoa.

Kisha simama katikati ya sebule upige kofi moja. Marumaru, jipsamu na kioo vitakujibu kwa mlio mkavu unaorukaruka. Huo ndio unaofanya sauti ya mtangazaji ichome. Zulia nene kati yako na spika, pazia zito dirishani, nguo za kutosha nyuma ya kochi, utasikia tofauti kubwa kuliko kubadilisha amplifaya. Ila usitegemee pazia kwa besi, besi inapita kama haijaliona.

Waya: shaba ya milimita 1.5 za mraba inatosha kwa mita nne tano. Anayekuuzia waya wa bei ya spika, achana naye.

*Fundi, nimeuziwa amplifaya ya mtumba kutoka Japani, nzito, nzuri, vitufe vya chuma. Nyuma imeandikwa 100V, 50/60Hz, 140W. Kaka yangu anasema nichomeke tu, umeme ni umeme. Pia nina spika mbili za inchi nane, ile sponji ya pembeni mwa koni inamomonyoka kama mkate mkavu. Je, nimeliwa?*
*Dada wa Tanga*

Dada, hujaliwa, lakini usichomeke! Mwambie kaka aje achomeke kitu chake.

Japani nyumbani ni volti 100. Huku kwetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja, ukiwa na bahati itakufa fiuzi, ukikosa bahati itaondoka transfoma, na transfoma ya amplifaya hiyo huipati hapa. Angalia kwanza nyuma kama kuna swichi ya kuchagua volti, maana zile zilizotengenezwa kwa soko la nje mara nyingi zinayo. Kama hakuna, nunua transfoma ya kushusha, 230 kwenda 100. Sema "mia" kwa sauti, kwa sababu ukisema tu "ya kushusha" watakupa ya 110, iliyokusudiwa vyombo vya Marekani, nayo itaichemsha taratibu. Amplifaya yako inataka wati 140, wewe chukua transfoma ya 300. Ya 150 itanguruma na kuwa ya moto kama pasi.

Sponji kumomonyoka ni uzee, na hewa yetu ya pwani inauharakisha. Koni na sumaku zikiwa nzima, ule mduara unabadilishwa. Kata wa zamani, safisha gundi kwa subira, bandika mpya, acha ulale usiku mzima. Kabla ya kuniletea hela fanya hivi. Weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, isukume ndani taratibu na sawasawa. Ikienda kimya, koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, ni nzima. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda, na hapo gharama haina maana.

Beba pia betri moja ya AA ya volti 1.5. Gusisha chanya kwenye tundu jekundu la boksi na hasi kwenye jeusi, mara moja tu, uangalie koni ya besi. Kwa spika nyingi inaruka nje. Fanya kwa zote mbili. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, kuna fundi alipita hapo akageuza waya ndani. Ukizifunga hivyo, moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi inafia katikati ya chumba. Nimeshaona mtu akinunua sabufa ya pili kwa tatizo hilo, wakati dawa yake ilikuwa kubadilisha nyaya mbili.

Ukiwa na mita ya fundi, pima omu: spika ya omu 8 husoma 6 hadi 7. Ikisoma 3 na kitu ni ya omu 4, linganisha na maandishi yaliyo nyuma ya amplifaya kabla hujaifunga. Isiposoma chochote, fungua uangalie waya kabla ya kulia.

*Nikiunganisha TV na redio kwa blutuzi midomo inatangulia maneno. Nikiunganisha kwa waya kunakuwa na mvumo. Nifanyeje? — Morogoro*

Blutuzi huchelewesha sauti, kwa taarifa ya habari na tamthilia tumia waya. Kuhusu mvumo, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi usikilize. Ukikatika, umeme unazunguka kupitia dishi. Chomeka TV, king'amuzi na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Usipokwisha na TV yako ina tundu la waya wa mwanga (optical), nunua kile kiboksi kidogo cha kubadilisha sauti ya mwanga kuwa ya kawaida. Usikate pini ya ethi kwenye plagi, hata kama kuna fundi amekwambia. Huyo usimrudie.

*Jirani anagonga ukuta kila nikiwasha mziki, na sauti kwangu wala si kubwa. — Mwanza*

Kwako si kubwa kwa sababu umekaa pale besi inapopotea. Yeye amelala pale inapojaa. Ondoa sabufa kwenye ukuta wenu, chini yake weka kipande cha godoro, punguza kitufe cha besi robo nzima, kisha sogeza spika karibu na kochi badala ya kuongeza sauti. Halafu nenda kwake, mwache mtu wa nyumbani kwako awashe, usikilize ukiwa umekaa kitandani kwa jirani.