Maswali ya Wasomaji: Mbona Hasalimiki Mtu?

Swali: Nilizoea filamu ya mwaka 1945 ya And Then There Were None, ambamo wawili wanatoka kisiwani wakiwa hai. Mbona katika tamthilia ya BBC ya mwaka 2015 hasalimiki mtu?

Jibu: Aliyeubadilisha mwisho ni Agatha Christie mwenyewe. Riwaya yake ya mwaka 1939, kuhusu wageni kumi wanaouawa mmoja mmoja kisiwani, haibakizi hata mgeni mmoja, lakini alipoiandikia jukwaa mwaka 1943 aliwaokoa wageni wawili, Vera na Lombard, na filamu ile ikafuata mchezo wa jukwaani badala ya kitabu. Sarah Phelps, aliyeandika muswada wa runinga wenye sehemu tatu, alirejea kwenye riwaya, na kwa maoni yangu alifanya vyema. Mzigo mkubwa unabebwa na Maeve Dermody, anayemwigiza Vera kwa utulivu unaomeguka polepole, huku Aidan Turner akiwa Lombard na Charles Dance akiwa Jaji Wargrave, mwenye sauti nzito inayotosha kunyamazisha meza nzima. Sam Neill, aliye Jenerali MacArthur, anatuaga mapema mno. Ukiitazama tena, viangalie vile vinyago vya mezani, ambavyo kila mgeni anapokufa hupungua kimoja.