Kabla hujanunua mtaala wa kusoma, funika picha

Mwanangu alikuwa na miaka saba na miezi miwili siku nilipogundua kwamba hajui kusoma. Ripoti ya shule ilikuwa pale pale kwenye mlango wa friji, imebanwa kwa sumaku, inasema anaendelea vizuri.

Tulikuwa kwenye kochi, hapa Houston. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, macho mazito, ila nilishamwahidi. Akafungua kitabu cha mambo ya shambani. Ukurasa mzima farasi wa kahawia, na chini yake sentensi moja: "The horse ran to the barn." Akasoma kwa kujiamini kabisa: "The pony ran to the house." Nikadhani ni masikio yangu. Nikaweka kiganja juu ya farasi. "Hebu soma tena, baba." Kimya. Akatazama kiganja, akanitazama usoni, kisha akaanza kuninyanyua kidole kimoja kimoja ili achungulie.

Mama yangu alikuwa hewani kwenye WhatsApp kutoka Tanga, simu nimeiegemeza kwenye kikombe. Alisikia yote. "Huyo hasomi, mwanangu," akasema. "Anabahatisha."

Na kubahatisha kwenyewe alifundishwa. Shule nyingi za Marekani kwa miaka mingi ziliwaambia watoto: ukikwama, tazama picha, tazama herufi ya kwanza, fikiria neno gani lingefaa hapo. Jopo la wataalamu lililoundwa kwa agizo la Bunge la Marekani lilitoa ripoti mwaka 2000 likionyesha kuwa kufundisha herufi na sauti kwa mpangilio kunasaidia, na majimbo kadhaa sasa yameupiga marufuku ule mtindo wa kubahatisha. Lakini sheria ikibadilika leo, darasa halibadiliki kesho. Mwalimu wake simlaumu, alikuwa na watoto zaidi ya ishirini na mkono mmoja tu wa kuwafunikia picha.

Tukaamua kumsomesha nyumbani. Texas ni wepesi kwa hilo. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya jimbo mwaka 1994, shule ya nyumbani huhesabiwa kama shule binafsi. Hakuna kusajili wala mtihani wa serikali, ila unatakiwa ufundishe kwa nia ya kweli masomo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Ukiwa New York, makaratasi ni mengi zaidi. Uliza sheria ya jimbo lako kabla hujaandika barua ya kumtoa mtoto.

Kisha nikafanya kosa ambalo nadhani tunalifanya wengi. Niliingia kwenye makundi ya akina mama wanaosomesha nyumbani, nikaona mtaala ambao kila mtu anausifia, picha nzuri, hadithi nzuri, watoto wanasoma chini ya mti. Dola zaidi ya 400. Somo moja lilikula saa nzima na nusu. Wiki ya pili mwanangu alikuwa anasomea chini ya meza, yaani amejificha huko na hatoki. Mtaala haukuwa mbaya. Ulikuwa wa mtoto anayesoma tayari na anayehitaji kupenda vitabu. Wangu alihitaji kitu kingine, na mimi sikujua ni kipi kwa sababu sikuwa nimempima.

Baada ya hapo nikapakua programu ya michezo kwenye tableti. Nyota zikamiminika. Siku moja nikakaa nyuma yake kimyakimya nikaona anabonyeza vitufe vyote vinne kwa zamu mpaka kimoja kilie. Nyota 1,200, maneno sifuri.

Kwa hiyo pima kwanza. Dakika kumi zinatosha.

Anza na masikio, bila kitabu wala herufi. Mwambie aseme "sunset", halafu aseme bila "sun". Akiweza, mpe ngumu zaidi: sema "stop", sasa ondoa ile sauti ya "s" ya mwanzo. Mtoto ambaye masikio yake yako tayari atakujibu "top". Wangu alijibu "go". Nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia kidogo. Halafu changanya herufi kwenye vikaratasi, usizifuate kama wimbo wa alfabeti unavyokwenda, na uulize sauti, usiulize jina. Majina wangu alijua yote 26, sauti, 17. Mwisho muandikie maneno yasiyo na maana: "mig", "vop", "lun". Hapa hakuna picha ya kuchungulia wala neno alilokariri. Alipata sifuri kati ya kumi.

Hayo matokeo ndiyo yaliyonichagulia mtaala. Kwa umri alikuwa gredi ya pili, lakini kwa kusoma alitakiwa aanze mwanzo kabisa, kwenye kusikia sauti. Kampuni nyingi zinazouza mitaala hii huweka jaribio la kumpangia mtoto ngazi, bure, kwenye tovuti zao. Lifanye, na ulikubali jibu lake hata kama linakuuma.

Wiki tatu za kwanza hatukununua chochote. Nilikata kifuniko cha boksi la pizza nikachora visanduku vitatu kwa kalamu nene, mbinu inayotokana na mwanasaikolojia wa Kisovieti aitwaye Elkonin. Nikampa maharage matatu. Mimi nasema "sun", yeye anasukuma harage moja kwa kila sauti anayoisikia. Siku ya kwanza alisukuma yote matatu kwa pamoja, neno zima kwenye kisanduku kimoja. Siku ya sita harage la pili likakaa pake. Siku ya tisa alisukuma la kwanza, la pili, akasimama, akatega sikio kama anayemsikiliza mtu chumba cha pili, akalisukuma la tatu polepole huku anasema "nnn". Mtaala wowote wa mtoto anayetatizika ambao hauna kitu cha namna hii mwanzoni, mimi nauruka.

Sasa jambo ambalo wazazi wa Kimarekani hawatakuambia, kwa kuwa haliwahusu. Sisi tuliojifunzia ba be bi bo bu hatuna mazoea ya konsonanti iliyo peke yake. Nioneshe "b", nitakutajia "ba". Kiswahili hakidai zaidi ya hapo, silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Kwa hiyo nilimfundisha kuwa hii ni "ba" na ile ni "ta", kisha nikashangaa mbona "bat" anaisoma "ba-a-ta". Alikuwa anafanya kile nilichomfundisha!

Halafu mdomo wangu una irabu tano. Kiingereza kina sauti za irabu kama 15 hadi 20, kutegemea lafudhi, zinazogombania herufi zilezile tano. "Ship" na "sheep" kwangu ni mapacha. "Hat", "hut" na "heart" nikitamka mimi mtu wa Chumbageni, Tanga, zote zinatoka dirisha moja. Mtoto wangu anawasikia Wamarekani tangu azaliwe, masikio yake ni mazuri kuliko yangu, na mimi ndiye nilikuwa namharibia. Kwa hiyo sharti langu la kwanza likawa hili: mtaala uwe na sauti zilizorekodiwa, tubonyeze sote wawili tusikie, na mimi nifuate. Sioni aibu. Mtaala mmoja, wa Barton, una hata jaribio la masikio kwa mzazi anayefundisha, mbali na lile la mtoto. Nilikaa nalo usiku wa manane na visikizi masikioni, na kuna jibu moja nilibahatisha kama mwanangu.

Huo wa Barton una ngazi kumi na uko kwenye ukoo wa mitaala inayotokana na kazi ya Samuel Orton, daktari wa mishipa ya fahamu, na Anna Gillingham, waliofanya kazi pamoja miaka ya 1930. Ukoo huo una tabia zake. Sauti moja inafundishwa wazi, haibahatishwi. Unaiona, unaisikia, unaigusa, unaiandika. Hakuna kwenda mbele mpaka ya jana ikae, na kila siku unarudi nyuma kidogo. Umetengenezwa kwa ajili ya watoto wenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na tahajia, lakini bei yake ni ya ngazi kwa ngazi na mfuko wangu ulikataa. Nilichukua All About Reading, ngazi ya kwanza, ambayo ina vigae vya herufi, maneno ya mwalimu ya kufuata na programu ya sauti za herufi kwenye simu. Nililipia nusu kwa mama mmoja aliyekuwa anauza vya mtumba kwenye Facebook. Vigae viwili havikuwepo, tukaviandika kwenye vizibo vya soda. Mfuko ukiwa mwepesi zaidi, Chuo Kikuu cha Florida kina mtaala uitwao UFLI Foundations wenye masomo 128. Kitabu cha mwalimu unanunua, lakini slaidi na visomo vingi vimewekwa bure mtandaoni. Umetengenezwa kwa ajili ya madarasa, ila meza ya jikoni nayo ni darasa.

Usininukuu kwamba huo wangu ndio bora. Nitakuambia ninachoangalia nikifungua sampuli ya somo. Je, kitabu cha hadithi kinachoambatana nalo kina maneno ambayo sauti zake zimeshafundishwa tu? Kama somo ni la tatu na hadithi ina neno "elephant", funga, maana hapo mtoto atarudi kwenye picha. Je, somo linaweza kukatwa dakika 20? Je, mtoto anaandika maneno yaleyale anayoyasoma? Na wewe unayetoka kazini umechoka, unaweza kulifungua na kuanza bila kujiandaa? Hilo la mwisho wengi hulidharau. Mtaala mzuri usioufungua ni kabati. Sisi tulisoma saa kumi jioni, kabla sijaingia kazini, dakika 20 kwa saa ya kengele, na ikilia tunaacha hata katikati ya neno.

Kuhusu Kiswahili. Utaambiwa uache kuongea Kiswahili nyumbani kwa sababu kinamchanganya mtoto. Niliambiwa na watu wawili, mmoja wao Mtanzania mwenzangu. Sikukubali, na ningerudi nyuma nisingekubali tena. Jumamosi asubuhi ikawa zamu ya bibi yake. "Haya mume wangu," anaanza kwenye video, "leo unanisomea nini?" Tulipata hadithi fupi za bure kwenye tovuti ya African Storybook, tukaanza na zile zenye mstari mmoja kwa ukurasa. Kiswahili kinasema kinachoandikwa. Ndani ya wiki chache alikuwa anasoma "kuku anakula" bila msaada, na kwa mara ya kwanza nikaona ameelewa kwamba herufi zinatoa sauti na sauti zinatoa neno. Alikwama kwenye "mbwa", akakwama kwenye "ng'ombe", na maneno marefu kama "walipokuwa" tulikuwa tunayakata kwa kidole, silabi kwa silabi, kama muwa.

Kulikuwa na gharama. Jumatatu moja Kiingereza kilileta neno "same", akasoma kwa furaha: "Same!" Ule mji wa Kilimanjaro. Tulikuwa tumefika bila kupanda basi. "Pole" naye akawa pole. Nikamweleza kwamba Kiingereza kina "e" ya mwisho ambayo yenyewe haisemi, inamkonyeza tu jirani yake abadilishe sauti, na tangu hapo siku za Kiswahili na siku za Kiingereza hatukuzichanganya tena.

Pima macho na masikio mapema, ni jambo la nusu siku. Na ukiona miezi inapita, mnafanya kila siku na bado sauti za juzi zinafutika, usisubiri. Sheria ya Marekani iitwayo IDEA inaitaka wilaya ya shule iwatafute na kuwapima watoto wanaohisiwa kuwa na tatizo la kujifunza, wakiwemo wa shule binafsi, na hapa Texas tunaosomesha nyumbani tumo humo. Omba kwa maandishi, weka nakala. Sisi tuliomba mwezi wa tano na jibu likawa disleksia. Nilidhani nitaumia kulisikia. Nililala vizuri usiku ule.

Mwaka na miezi miwili sasa. Bado ni mzito. Tahajia yake ni vichekesho, na "b" na "d" bado zinageuziana mgongo akichoka. Ngazi ya pili tumeimaliza, ambayo wengine humaliza kwa miezi michache. Kubahatisha ndiko kulikoisha: akikwama anaweka kidole chini ya neno na kuanza upya kutoka kushoto.

Juzi nilikuwa jikoni nakaanga samaki, simu nimeiacha mezani. Nikasikia sauti ndogo, polepole, inasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "U-si-mwa-mbi-e mu-me-o, i-la he-la ya ba-ti ha-i-ja-to-sha." Ujumbe wa mama, wa asubuhi ile. Baba yake alikuwa ndio amerudi na lori kutoka Oklahoma, amekaa kiti cha pili anavua viatu.

"Bati gani?" akauliza.