Kihisi cha sukari au pampu ya insulini: maswali ya wasomaji

Mwanangu ana miaka 12 na kisukari cha aina ya kwanza. Anachoma Mixtard, insulini iliyochanganywa ya muda mfupi na ya muda wa kati, asubuhi na jioni. Mjomba wake aliyeko Marekani anataka kumtumia kihisi cha sukari au pampu ya insulini, kimoja tu. Tuchague kipi?
*Mama mzazi, Ujiji*

Mama, chagua kihisi. Na fedha ambayo mjomba angenunulia pampu aiweke kwa vihisi vya miezi ijayo.

Vifaa hivi hufanya kazi mbili tofauti. Kihisi kinapima tu, hakitoi insulini hata tone. Pampu inatoa insulini, lakini peke yake haijui sukari imefika ngapi, kwa hiyo mwenye pampu isiyo na kihisi bado atatoboa vidole kutwa. Ipo mifumo inayounganisha viwili hivyo ili pampu ipunguze au iongeze insulini yenyewe. Marekani iliidhinisha mashine ya namna hiyo, MiniMed 670G, mwaka 2016. Hata hiyo humtaka mtumiaji akadirie wanga wa kila mlo na kuuingiza kwenye mashine.

Kwa mwanao kuna kikwazo kingine, nacho wauzaji wa mitandaoni hawakitaji. Pampu hutumia insulini ya haraka peke yake, kama aspart au lispro, ikiidondosha kidogo kidogo saa 24. Mixtard haiwekwi kwenye pampu kamwe. Kupokea pampu basi ni kubadili insulini, kujifunza kuhesabu wanga, na kubadilisha kanula (kibomba laini kinachokaa chini ya ngozi) na mrija wake kila baada ya siku 2 au 3, yaani seti 10 hadi 15 kwa mwezi. Seti zikikwama njiani, kifaa cha mamilioni ya shilingi kinakaa kabatini na mtoto anarudi kwenye sindano.

Kihisi hubandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Uzi wake mwembamba hukaa chini ya ngozi na kusoma sukari iliyo kwenye majimaji yanayozunguka seli. FreeStyle Libre 2 hudumu siku 14, Dexcom G7 siku 10, kwa hiyo ni viwili au vitatu kwa mwezi. Mkishindwa kila mwezi, hata kimoja kila miezi mitatu, kabla ya tarehe ya kliniki, kinasaidia sana. Mchoro wake utamwonesha daktari kama sukari hushuka saa tisa usiku, au kama ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese huipandisha masaa matatu baada ya kula, kwa kuwa mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni. Kipimo cha kidole cha asubuhi hakiyaoni hayo. Lengo la kawaida ni sukari kukaa kati ya 3.9 na 10 (milimoli kwa lita) kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda, na chini ya 3.9 isizidi asilimia 4.

Kabla mjomba hajalipa, ahakikishe programu ya kihisi inakubali simu yenu. Kama haikubali, atume kisomeo chake, na vyote vinunuliwe nchi moja, maana kihisi cha soko la nchi moja kinaweza kukataa kisomeo cha nchi nyingine. Kisomeo cha Marekani huonesha namba kubwa, za miligramu kwa desilita: gawanya kwa 18. Ikiandika 126, ni 7. Mwalimu wa shule aambiwe hilo mapema asije akashtuka. Boksi huandikwa joto la kuhifadhia, mara nyingi mwisho wake ni nyuzi 25 au 30, hivyo lisisafiri juu ya dashibodi ya basi.

Ninaendesha bodaboda. Nimewekewa kihisi, lakini hakilingani na kidole, usiku kinalia kwamba sukari imeshuka kumbe nina 6, na jasho linakibandua.
*Msomaji, Tabora mjini*

Kaka, kengele ya usiku mara nyingi hutokana na kuulalia mkono wenye kihisi. Ngozi ikigandamizwa, majimaji hupungua pale na namba hushuka. Geuka, subiri dakika 15, kisha pima kidole kabla ya kula chochote. Safari ijayo kiweke mkono usioulalia.

Kutolingana kidogo ni kawaida. Kihisi huwa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15, na tofauti huonekana zaidi sukari inapokimbia, yaani baada ya kula au wakati wa kazi nzito. Kidole kikisema 10 na kihisi 8.6, usihangaike. Siku ya kwanza pia hukosea zaidi. Vidonge vya vitamini C vya zaidi ya miligramu 500 kwa siku hupandisha namba za Libre 2 kwa uongo. Ukijisikia kutetemeka huku namba ikisema uko sawa, amini kidole.

Sukari ikiwa kweli chini ya 3.9, paki pikipiki. Kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au kijiko kikubwa kimoja cha asali, kitu ambacho Tabora hakikosekani. Baada ya dakika 15 pima tena kwa kidole, kwa sababu kihisi kitaendelea kuonesha chini na utajikuta unaongeza sukari bila sababu.

Kuhusu jasho: osha mkono kwa sabuni isiyo na mafuta, pangusa kwa spiriti, acha ukauke kabisa ndipo ubandike. Usipake losheni. Zungushia plasta pembeni, usizibe tundu la katikati.

Nina aina ya pili, natumia metformini tu. Nahitaji kihisi?
*Mwalimu, Kasulu*

Hapana, Mwalimu. Nunua stripu. Siku chache kwa wiki pima kabla ya mlo mmoja na masaa mawili baadaye, ukibadilisha mlo.

Nimerudi kutoka masomoni nikiwa na pampu. Juzi sukari ilifika 18 na pampu haikulia. Kwa nini?
*Msomaji, Urambo*

Pampu hulia mrija ukiziba. Kanula ikichomoka, au insulini ikiharibiwa na joto, haina habari. Kagua hivi: ngozi ikilowa na kunuka insulini, kanula imetoka; ukiona mapovu kwenye mrija, umepata hewa badala ya dozi. Insulini iliyopita nyuzi 37 ndani ya pampu imwagwe. Wakati wa jua kali la Oktoba, ivae chini ya nguo.

Sukari ikizidi 14 na dozi ya kurekebisha isiishushe ndani ya saa moja au mbili, usiongeze dozi nyingine kwa pampu. Pima ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini), choma insulini ya haraka kwa sindano, badilisha kanula, mrija na insulini. Haraka hiyo ina sababu: mwilini huna akiba ya insulini ya muda mrefu, na ketoni zinaweza kupanda ndani ya masaa manne hadi sita.

Weka nyumbani insulini ya muda mrefu na sindano, pamoja na karatasi yenye dozi zako zote za pampu na dozi mbadala aliyoidhinisha daktari, kwa sababu pampu ikizima inazima na kumbukumbu zake. Ukitapika, au ketoni za damu zikifika 1.5 na haziteremki, nenda hospitali usiku huohuo.